Milimita Tatu za Ubao

Mwaka 1862 fundi Antonio de Torres wa Hispania aliunda gitaa lenye mgongo na mbavu za karatasi ngumu. Uso tu, yaani ule ubao wa mbele wenye tundu la sauti, ndio alioufanya kwa mti wa sprusi, kwa uangalifu uleule aliozoea. Si kwamba alipungukiwa mbao. Ilikuwepo imani, na ipo hata sasa, kwamba sauti ya gitaa hutoka katika mti wa gharama uliofichwa nyuma, ule unaoegemea tumbo la mpigaji. Torres alibishana na imani hiyo kwa karatasi. Gitaa lenyewe limehifadhiwa mpaka leo katika jumba la makumbusho ya muziki mjini Barcelona, na waliopata kulisikia likipigwa enzi zake walikiri kuwa lilikuwa na sauti ya kuheshimika.

Soko la magitaa ya zamani linakwenda kana kwamba Torres hakupata kuzaliwa. Mkusanyaji akiletewa gitaa, kabla hajagusa uzi hata mmoja atauliza nambari, mwaka, na mti wa mgongo. Nawafahamu watu hawa na nawapenda, maana mimi mwenyewe ni mmoja wao kwa macho na masikio. Mfuko ndio hauruhusu zaidi ya hapo. Lakini kadiri ninavyosoma jinsi vyombo hivi vilivyoundwa, ndivyo ninavyoona kwamba tunalipia kitu kimoja na kusikia kingine.

Tunachokisikia ni ubao usiozidi unene wa milimita tatu. Juu ya ubao huo limebandikwa daraja, na darajani zimefungwa nyuzi sita. Nyuzi hizo zikiwa za chuma, huvuta kwa nguvu inayozidi kilo 70, usiku na mchana, ziwe zinapigwa au zimelala kwenye sanduku. Ni uzito wa mtu mzima kuning'inia kwenye ubao mwembamba kuliko mlango wa kabati, kwa miaka 80 au 90. Ukiongeza unene ili ubao ustahimili, gitaa linakuwa bubu. Ukiupunguza ili uimbe, unabonyea, unavimba, unapasuka. Fundi wa gitaa kavu hana njia ya tatu. Kazi yake yote ni kutafuta mahali pa kusimama kati ya ububu na mpasuko, na magitaa yanayosifiwa kuliko yote ni ya wale waliosimama karibu zaidi na mpasuko.

Ubao wenyewe haukuwa wa kuokota. Mafundi wa Marekani wa kabla ya Vita vya Pili vya Dunia walipenda sprusi nyekundu ya milima ya Adirondack, katika jimbo la New York. Ni mti mwepesi lakini mgumu kuukunja, na mistari yake ya ukuaji imebanana kwa sababu ya baridi. Kipande cha gogo kilipasuliwa mbao mbili nyembamba, zikafunuliwa na kuunganishwa ubavu kwa ubavu, ili mistari ya kushoto ioane na ya kulia. Mbavu zililowekwa maji, kisha zikakunjwa kwa mkono juu ya chuma cha moto mpaka zikakubali kiuno cha gitaa. Shingo ilichongwa ulimi unaopanuka kuelekea ncha, ukazamishwa katika tundu lake ili usichomoke. Na kila kiungo kilishikwa kwa gundi ya moto, iliyochemshwa kutokana na ngozi za wanyama.

Gundi hiyo inastahili maneno zaidi. Inashika vizuri, lakini ikipata joto na mvuke inaachia. Mtu wa leo angesema huo ni udhaifu. Fundi wa zamani hakuona hivyo, kwa kuwa alijua kuwa baada ya miaka 30 au 40 nyuzi zitakuwa zimeivuta shingo mbele kidogo, na mtu mwingine atalazimika kuing'oa na kuiweka upya. Aliliunda gitaa akijua kuna fundi atakayekuja nyuma yake, akamwachia mlango. Gundi za kisasa za kumwaga kutoka kwenye chupa, zinazokauka zikawa jiwe, humfungia fundi huyo nje.

Jina linalotajwa kuliko yote katika biashara hii ni Martin. Christian Frederick Martin alizaliwa mwaka 1796 huko Markneukirchen, Saksoni, katika ukoo wa maseremala. Alikwenda Vienna kujifunza kwa Johann Georg Stauffer, mmoja wa mafundi wakubwa wa magitaa wa wakati ule, kisha akarudi kwao akakuta ugomvi. Chama cha mafundi wa fidla kilidai kuwa gitaa ni ala ya muziki, kwa hiyo ni kazi yao peke yao. Maseremala wabaki na makabati yao. Maseremala, ambao ndio waliokuwa wakiyaunda magitaa, walipigania haki yao kwa miaka mpaka wakaipata. Martin hakubaki kufurahia ushindi. Mwaka 1833 alivuka bahari hadi New York, na mwaka 1839 akahamia Nazareth, Pennsylvania, mji mdogo ambako kiwanda chenye jina lake kipo hata leo. Nalipenda jambo hili: kwamba chombo ambacho leo kinalazwa ndani ya sanduku lenye kitambaa laini kiliundwa na watu walioambiwa kuwa wao ni wa kutengeneza meza.

Katika miaka ya 1840, ndani ya magitaa ya Martin kukaonekana mpangilio mpya wa mataruma, zile fito za mbao zinazobandikwa chini ya uso ili kuushika. Badala ya kulala sambamba au kutandazwa kama feni kwa mtindo wa Hispania, fito mbili kubwa zilipishana kwa umbo la X, karibu na tundu la sauti. Wakati huo nyuzi zilikuwa za utumbo wa wanyama, laini, zisizovuta sana, wala hazikuhitaji uimara wote huo. Ile X ilikaa ndani ya magitaa kwa takriban miaka 80 bila kupewa kazi iliyolingana nayo. Kazi hiyo ilikuja miaka ya 1920, wapigaji walipotaka nyuzi za chuma ili wasikike penye banjo na fidla. Magitaa mengine yalihitaji kubuniwa upya. La Martin lilihitaji kuimarishwa tu, mifupa ilikuwa tayari.

Basi kuanzia hapo hadi katikati ya miaka ya 1940 ndicho kipindi ambacho wakusanyaji wanakitamka kwa sauti ya chini. Mwaka 1929, kwa ajili ya Perry Bechtel, mpiga banjo aliyetaka shingo ndefu zaidi, Martin ilitoa gitaa ambalo shingo yake iliungana na mwili kwenye freti ya 14 badala ya ya 12. Mwaka 1931 ilianza kutoa kwa jina lake lile gitaa pana lililopewa jina la manowari ya Kiingereza, Dreadnought, ambalo awali liliundwa mwaka 1916 kwa ajili ya duka la Oliver Ditson. Chini ya uso wa magitaa hayo, mataruma hayakuachwa manene mwanzo hadi mwisho. Fundi aliyachonga kwa patasi yakaingia ndani, yakapanda, yakaingia tena, ili ubao upate nafasi ya kucheza mahali palipohitaji kucheza.

Wateja ndio waliomaliza mtindo huo. Wakitafuta sauti kubwa zaidi, walifunga nyuzi nene kuliko gitaa lilivyokusudiwa, na nyuso zikaanza kuvimba nyuma ya daraja. Mwishoni mwa mwaka 1944 kiwanda kiliacha kuyachonga mataruma, yakabaki mazima. Magitaa yakawa imara, yakarudi dukani mara chache, na yakapoteza kitu fulani sehemu ya besi. Ilichukua hadi mwaka 1976 kwa Martin kuurudisha mchongo ule katika gitaa la kawaida la kiwandani, kwa sababu wapigaji walikuwa wameshaanza kuyawinda ya zamani.

Kila ninapolifikiria hilo nawaonea huruma wote wawili, mteja na fundi. Mteja alitaka chombo kisichoharibika. Fundi alimpa. Kisha watoto wa mteja wakalipa mara mia kukinunua kile kinachoharibika.

Lazima tuseme pia kuwa magitaa ya miaka ya 1930 tunayoyasikia leo ni manusura. Yale yaliyochongwa kupita kiasi yalishabonyea na kutupwa kuni zamani. Kwa hiyo sifa kwamba mafundi wa zamani hawakukosea imejengwa juu ya makosa yaliyokwisha kuteketea. Kuhusu madai kwamba mti ukizeeka sauti hukomaa, naamini yana ukweli, maana ubao unaokauka kwa miaka mingi huwa mwepesi na mkakamavu zaidi. Lakini wauzaji wameunyoosha ukweli huo mpaka ukatosha kufunika kila bei.

Na bei zenyewe ni za kushangaza. Kati ya mwaka 1933 na 1942 Martin ilitengeneza D-45 zipatazo 91, magitaa yaliyopambwa kwa gamba linalometameta la konokono wa baharini, la kwanza likiwa limeagizwa na Gene Autry, mwimbaji wa nyimbo za wachunga ng'ombe. Moja likijitokeza sokoni leo linagombewa kwa laki kadhaa za dola. Mwaka 2020 gitaa la Martin D-18E la mwaka 1959, alilolipiga mwanamuziki wa roki Kurt Cobain, liliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni 6. Hapo aliyenunua hakununua ubao, alinunua mkono uliogusa ubao. Hata nambari zina mchezo wake: Martin ilipoanza kupiga nambari magitaa yake mwaka 1898, ilianzia 8000, kwa kukadiria tu kwamba magitaa mengi kiasi hicho yalikwisha kutoka. Wakusanyaji wanaoapa kwa nambari wanaapia, mwanzoni mwake, makisio.

Kinachopandisha bei kuliko vyote baada ya jina ni mgongo wa rozwudi ya Brazil. Ni mti mzuri, hakuna ubishi: rangi ya chokoleti yenye mistari myeusi, na harufu tamu inayotoka ndani ya tundu hata baada ya miaka 70. Martin iliutumia kwa magitaa yake ya kawaida mpaka mwishoni mwa miaka ya 1960, na tangu mwaka 1992 biashara yake ya kimataifa imezuiwa na mkataba wa CITES kwa sababu ulikuwa ukiisha msituni. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, walichapisha matokeo ya jaribio: magitaa sita yaliyofanana kwa kila kitu isipokuwa mti wa mgongo na mbavu, yakapigwa na wapigaji zaidi ya 50 wasiojua lipi ni lipi. Rozwudi ya Brazil haikung'ara. Wapigaji waliyapa magitaa yote alama zinazokaribiana sana, yale ya mti wa bei rahisi na yale ya mti unaokaribia kutoweka. Karatasi ya Torres ilikuwa imesema hayohayo miaka 156 kabla.

Sisi watu wa pwani hii ya Afrika Mashariki hatuko mbali na hadithi hiyo ya mbao na mapambo. Magitaa ya Martin ya karne ya 19 yalikuwa na pembe za ndovu: vigingi, vipande vya kuinulia nyuzi, na katika yale ya fahari hata ukanda uliozunguka mwili mzima, mpaka karibu mwaka 1918. Katika karne hiyo sehemu kubwa ya pembe zilizoingia Marekani zilipitia Zanzibar, na huko Connecticut ulikuwepo mji uliojengwa juu ya kazi ya kuzikata, ukaitwa Ivoryton. Mnamo Septemba 1833 Sultani Said bin Sultan, aliyetawala Zanzibar, aliwekeana mkataba wa biashara na Marekani. Mwezi wa Novemba mwaka huohuo Martin akashuka bandarini New York. Wanaume wawili wasiojuana. Lakini anayekunja kidole juu ya pembe ya gitaa la mwaka 1870 na kusifu jinsi ilivyogeuka rangi ya asali, ajue kuwa pembe za nyakati hizo zilibebwa mabegani na watu, wengi wao bila hiari yao, toka bara hadi Bagamoyo na Kilwa. Vipigio vya gamba la kasa ng'amba, ambavyo wapenzi wa gitaa bado wanavisifu, navyo vina deni lake baharini.

Rozwudi yenyewe ina ndugu huku kwetu. Mpingo, mti wa wachongaji wa Kimakonde, ni wa jenasi hiyohiyo, *Dalbergia*. Ulaya wanautumia kwa klarineti na obo tangu zamani, na sasa wapo mafundi wa magitaa wanaouchukua kama mbadala wa ule wa Brazil. Wilayani Kilwa vijiji kadhaa vilianza kusimamia misitu yao ya mpingo na kuuza magogo kwa cheti kinachotambulika kimataifa, hatua iliyofikiwa mwaka 2009. Nawatakia heri. Ila kama mgongo wa karatasi unatosha, sioni kwa nini tuuache mpingo uende njia ya rozwudi kwa ajili ya urembo unaogusa tumbo la mpigaji.

Mpaka hapa nimesema juu ya magitaa ya fahari. Hayo yana watu wa kuyatetea. Yasiyo na mtetezi ni ya bei nafuu.

Huko Jersey City kampuni ya Oscar Schmidt ilitoa magitaa ya Stella kwa maelfu, ya mbao za kawaida zilizopakwa rangi kuiga mistari ya mti wa maana, yenye mataruma yaliyolala sambamba kama vidato vya ngazi. Wajuzi wanasema mpangilio huo ni duni. Sauti yake ni kavu, inaruka haraka na kufa haraka. Lakini ndiyo sauti ya Lead Belly na Stella lake la nyuzi 12, na ya wapiga blues wengi wa Kusini mwa Marekani ambao gitaa la Nazareth lingewagharimu mshahara wa miezi. Sauti inayokufa haraka huwaachia vidole nafasi ya kusema neno linalofuata.

Afrika nayo ilikuwa na Stella wake. Kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini, iliyorekodi muziki kwa nembo ya Gallotone, iliuza pia magitaa kwa jina hilohilo, ya mbao za tabaka, yenye lebo ndani iliyoahidi kuwa hayatapasuka. Ahadi hiyo inachekesha ukikumbuka tuliyoyasema juu ya milimita tatu: gitaa lisiloweza kupasuka ni gitaa lililokataa hatari. Na bado. Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimkuta kijana Jean Bosco Mwenda huko Jadotville, sasa Likasi, Katanga, akamrekodi akipiga "Masanga", dole gumba likishika besi na kidole cha shahada kikitembea juu. Sahani zake zilitoka kwa Gallotone, zikaenea hadi Nairobi, na mwaka 1969 Bosco alipanda jukwaa la Newport, Marekani. Magharibi mwa Kenya, George Mukabi aliuchukua upigaji wa vidole akaufanya kitu cha kwao, omutibo, gitaa kavu moja na chupa ya soda ikigongwa pembeni. Muziki wa gitaa wa nusu ya bara hili umesimama juu ya vyombo ambavyo mjuzi wa Nazareth asingevitazama mara mbili.

Gallotone moja imesalimika kwa heshima kamili. Aliimiliki mwanamuziki John Lennon akiwa kijana Liverpool, na alikuwa nayo tarehe 6 Julai 1957, siku alipokutana kwa mara ya kwanza na Paul McCartney, mwenzake wa baadaye katika muziki. Mwaka 1999 iliuzwa London kwa pauni 155,500. Ndugu zake waliobaki Afrika wako wapi? Mengine yalikaa juani mpaka shingo zikapinda, mengine yalipigiliwa misumari, mengine yalipakwa rangi ya milango. Majumba yetu ya makumbusho yanatunza ngoma, zeze na marimba, na ni haki yatunze. Gitaa sijalikuta humo, nadhani kwa sababu tunalihesabu la wageni, ingawa ndilo lililoshika nyimbo za wazazi wetu.

Sidai kwamba kila gitaa bovu ni hazina. Mengi ni mabovu kweli, na hayakuwahi kukaa kwenye sauti hata siku yalipotoka dukani. Wala simlaumu anayelipa laki za dola kwa D-45, kama anaipiga. Mwimbaji Willie Nelson ameipiga Martin yake ya mwaka 1969 mpaka uso umetoboka tundu la pili, na hakuna mtunzaji wa makumbusho ambaye angelifanyia gitaa lile jambo la maana kuliko hilo. Ninachokikataa ni chumba chenye magitaa 60 ukutani yasiyoguswa, yakivutwa na nyuzi zake kwa faida ya mjukuu atakayeyauza.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama juu ya kabati la babu au mjomba kuna gitaa kuukuu, lishushe. Legeza nyuzi kwanza. Mulika tochi ndani ya tundu usome lebo, uandike jina na nambari. Usilipake vanishi mpya, usilitie gundi ya dukani, wala usilifunge nyuzi nene. Liondoe kwenye gari lililoachwa juani na kwenye ukuta unaotoa unyevu. Hewa ya Tanga au Mombasa inatosha kulegeza gundi ya zamani bila kusaidiwa. Mtafute fundi anayejua kutumia mvuke. Kisha muulize babu alilipata wapi, alilipia nini, nani mwingine alilipiga na nyimbo zipi, na uyarekodi majibu yake kwenye simu yako wiki hii.